Jogoo Amembeba Jenerali

Jenerali van Deventer alibebwa na jogoo saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, mbele ya macho yangu na ya majirani watatu. Alikuwa amesimama juu ya kilima cha Kondoa, ambacho siku nyingine zote ni mfuko wa mbaazi, ila siku hiyo kilifunikwa blanketi la kijani. Nilikuwa nimempaka rangi kwa siku tatu, vifungo vya koti nikavitia kwa ncha ya mwiba. Jogoo akaja taratibu, akamtazama kwa jicho la kulia, akageuza shingo akamtazama kwa jicho la kushoto, akamdaka kichwani na kutimka naye hadi kwenye alizeti.

Nilimfukuza. Mwalimu mzima wa historia, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, namkimbilia jogoo nikipiga kelele, "Mwache Jenerali!" Mke wangu alikuwa kizingitini anapeta maharage. Hakuinua hata kichwa.

"Baba watoto," alisema, "huko ndiko kushindwa vita."

Watu wakieleza uraibu wao husimulia raha zake. Mwenye njiwa atakwambia njiwa wanavyoruka, hakwambii wanavyonya juu ya nguo zilizoanikwa. Mimi nimeamua kusema ukweli. Uraibu wangu ni kupiganisha vita vidogo kwa viaskari vya plastiki, hapa hapa Masakta chini ya Mlima Hanang, na karaha zake ni nyingi kuliko viaskari vyenyewe.

Si mimi niliyeuanzisha. Maofisa wa Prussia walikuwa wakipigana juu ya meza tangu miaka ya 1820, wakitumia ramani, vibao na dadu, ili wajifunze vita bila kumwaga damu. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu, Little Wars, cha kanuni za kupigana sakafuni kwa viaskari vya kuchezea na mizinga midogo ya kurusha vijiti. Mwaka mmoja baadaye wakubwa wa Ulaya waliingia kwenye vita vyao vikubwa, ambavyo havikuhitaji sakafu. Kwangu ugonjwa huu uliingia kupitia mpwa wangu anayesoma Uingereza. Nilimwomba aniletee koti la baridi. Akaniletea boksi la viaskari na kijitabu cha kanuni chenye kurasa 96. Koti alisahau.

Nilichagua mapigano ya Kondoa kwa sababu ni ya kwetu. Aprili 1916, katika vita hivyo vikubwa, van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, alitoka Arusha na wapanda farasi wa Afrika Kusini, wakapigana Lolkisale, wakapita Ufiome karibu na Babati, na tarehe 19 wakaingia Kondoa huku mvua za masika zikiwanyeshea na farasi wakifa kwa mamia njiani. Usiku wa tarehe 9 Mei, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake wakawashambulia vilimani, wakashindwa kuwatoa. Ni jambo kubwa lililotokea barabara ileile tunayopita kwenda Dodoma, na wanafunzi wangu hawalijui. Nikasema nitawaonyesha.

Karaha ya kwanza ni kuunganisha. Nilidhani askari anakuja mzima. Anakuja vipande: mguu huku, bunduki kule, kichwa kimeshikamana na kigogo cha plastiki kama embe bichi. Unamkata, unampasua kidogo, kisha unamgundisha kwa supagluu. Tabia ya supagluu ni kwamba haishiki unachotaka ishike. Usiku wa kwanza niliunganisha askari wanne na vidole vyangu viwili. Asubuhi nilifundisha kidato cha tatu Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 nikiwa na askari wa Kijerumani kwenye kidole gumba, kwa kuwa hakuachika. Nilipoinua mkono kuonyesha kwenye ramani jinsi Afrika ilivyogawanywa, naye akainuka. Mwanafunzi mmoja wa mbele akanyoosha kidole.

"Mwalimu, hiyo ni zana ya kufundishia?"

"Ndiyo," nikajibu. Wakaandika kwenye madaftari.

Karaha ya pili ni rangi. Askari wa vita vile walivaa kaki. Kaki ya viaskari haiuzwi Katesh. Inayouzwa ni rangi ya kucha, na hiyo haina kaki: ina nyekundu, ina zambarau, ina waridi yenye vimetameta. Nilichanganya nyekundu na kijani cha mabaki ya rangi ya dirisha, nikapata kitu cha kufanana na supu ya juzi. Kikanitosha askari kumi na wanane. Kumi na wawili waliobaki nikawavalisha waridi, nikijipa moyo kwamba kwa mbali macho hayatatambua. Jirani yangu akaja akawainamia kwa muda mrefu, mikono mgongoni.

"Mwalimu, hawa wanakwenda vitani au kwenye sendofu?"

Na vimetameta havitoki. Wiki nzima nilikuwa navyo kwenye ndevu, na kanisani nikawa natazamwa kwa namna ambayo sikuipenda.

Karaha ya tatu ni uwanja. Meza yetu ni moja, na chakula kina haki nayo kabla ya Lettow-Vorbeck. Nikahamia nje. Nje kuna upepo. Anayeijua Hanang wakati wa kiangazi anajua upepo ninaousema. Unashuka kama umetumwa. Nilipanga majeshi mawili kwa dakika arobaini, nikainama kuokota dadu, nikainuka nikakuta pande zote zimelala chali. Hakuna mapigano ya 1916 yaliyokwisha haraka hivyo, wala kwa usawa ule.

Kisha likaja suala la futi. Kijitabu kinasema askari huenda umbali uliopimwa, kwa hiyo lazima uwe na futi. Nikaazima ya fundi seremala, nikaitandaza uani, nikachuchumaa, nikasema kwa sauti, "Kutoka hapa hadi pale, inatosha." Sikujua kwamba jirani wa upande wa pili alikuwa nyuma ya mchongoma. Kwetu ukitaka kujua afya ya mtu mchukulie futi karibu na mpaka wake. Mzee ambaye wiki iliyotangulia alikuwa hawezi kutembea alifika akiwa na fimbo, vijana wawili na mjumbe.

"Unapima nini, Mwalimu?"

"Napima Kondoa, mzee."

Jibu hilo halikusaidia. Mjumbe alizunguka blanketi mara mbili, akaona dadu, akaona ramani niliyoichora ikiwa na mishale myekundu, akasoma kwa sauti maneno niliyoandika juu yake: "Shambulio la usiku." Ilibidi nieleze kwa saa nzima kwamba sipimi ardhi ya mtu, sichezeshi kamari na sina mpango wa kushambulia popote. Mwisho walikubali kwamba sina hatia. Nilivyosoma nyuso zao, walikubali pia kwamba sina akili.

Karaha ya nne ndiyo iliyonikondesha: adui. Jeshi unaweza kulinunua au kuletewa na mpwa. Adui lazima umbembeleze. Kijiweni kwetu kuna mabingwa wa drafti, nao wana kila kitu kabla hujawaletea. Ubao wameuchora kwa mkaa, vita vyao vina vizibo kumi na viwili vya soda kila upande, vyangu vimefunikwa na vyako vimefunuliwa, basi. Kizibo kikipotea unakunywa soda. Hakuna gundi, hakuna waridi, na adui yuko pale tangu asubuhi anakusubiri akiwa na maneno ya kukuudhi. Hata Mwalimu Nyerere, aliyependa bao, sijasikia kwamba alikesha anapaka kete rangi.

Nilimshawishi kijana mmoja wa bodaboda, bingwa wa drafti hasa. Nilimtafsiria zile kurasa 96 zikawa kumi na moja kwa mwandiko wangu. Alisoma mbili, akauliza, "Naliwa vipi?"

"Huliwi. Unarusha dadu. Ukipata nne au zaidi, umempiga. Kisha mimi narusha kuona kama amejificha."

"Kwa hiyo nimempiga, halafu hajapigwa."

"Inategemea dadu."

Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, kwenye drafti nikikula nimekula."

Alicheza kwa heshima ya mwalimu wake wa zamani. Akarusha sita mara tano mfululizo, akamaliza wapanda farasi wangu wote kwa askari wa waridi, akaondoka kumpeleka abiria, na hajarudi. Nimebaki napigana mwenyewe kwa mwenyewe. Ukipigana peke yako unashinda kila mara, na kila mara unajua aliyeshindwa ni nani.

Kwa hiyo nilipopata habari kwamba mwalimu mwenzangu wa Babati naye amepata boksi kama langu, nilifurahi kama mtu aliyepata mchumba. Hapo ikaja karaha ya tano: kusafirisha. Viaskari vina bayoneti nyembamba kuliko miiba ya samaki, huwezi kuvitia kwenye mfuko. Nikapata wazo. Nikachukua trei ya mayai, kila shimo askari mmoja, thelathini kamili, juu nikafunika trei nyingine na kufunga kamba. Safari nzima niliulizwa bei. "Mwalimu, trei shilingi ngapi?" "Siuzi." "Ya kienyeji?" "Ya Kijerumani." Kwenye basi konda, mtu mwema, alisema mayai yasikae mapajani yatavunjika. Akaniwekea juu kwenye mizigo, kwa uangalifu mkubwa, na juu yake akaweka gunia la vitunguu. Babati tulifungua trei na mwenzangu. Hatukupigana. Tulikaa tunatenganisha mikono ya Waingereza na miguu ya Wajerumani hadi gari la mwisho.

Ningeuacha uraibu huu siku ile ya jogoo. Nilirudi kutoka kwenye alizeti mikono mitupu, nikakuta Aako, mzee wa nyumba ya pili ambaye sote tunamwita hivyo, babu, amekaa kwenye kigoda anatazama uwanja wangu. Nilimwamkia, akaitikia bila kuondoa macho. Akauliza hawa ni akina nani. Nikamweleza yote: Arusha, Ufiome, mvua, farasi, usiku wa vilimani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha fimbo, akaipitisha juu ya askari wote thelathini, akauliza:

"Na waliobeba mizigo wako wapi?"

Nikasema kwenye boksi hawakuwamo.

"Basi hawa wamekula nini njiani?"

Miaka kumi na minane nafundisha somo hili, sijawahi kuulizwa swali zuri hivyo. Mbung'o na maradhi viliua farasi, nyumbu na ng'ombe, kwa hiyo vita vile vilitembea juu ya vichwa vya watu: unga, risasi, mahema, hata chakula cha mbebaji mwenyewe. Pande zote mbili zilichukua wapagazi kwa nguvu, wengi mno kuliko askari, na makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam tuna sanamu ya Askari tangu 1927, amesimama peke yake na bayoneti yake. Wapagazi tuna Kariakoo, jina lililotokana na kambi ya kikosi chao, Carrier Corps, na wengi tunaokwenda pale kununua viatu hatujui tunamtaja nani. Aako alisema tu kwamba baba yake alikuwa akiwasimulia jinsi watu walivyokimbilia milimani waliposikia jeshi linapita. Hawakukimbia bunduki, alisema. Walikimbia mzigo.

Wapagazi hawauzwi, kwa hiyo tuliwafinyanga. Nilileta udongo wa mtoni, watoto wa jirani wakaja, na Aako akawa msimamizi: huyu mzigo wake mdogo, huyu mgongo umenyooka mno, mtu aliyebeba hasimami hivyo. Hatukuwaunga gundi wala kuwapaka rangi. Kwa kila askari tuliweka watano, wakafika mia na hamsini. Upepo haukuwaangusha, kwa kuwa ni wazito. Jogoo alikuja akamdonoa mmoja, akatema.

Jumamosi iliyofuata tulianza kupanga asubuhi. Msafara ulitoka mlangoni kwa Arusha, ukapita jikoni, ukazunguka pipa la maji, na kila zamu ilikuwa lazima wapagazi wote wasogezwe mmoja mmoja kabla askari hajapiga hatua. Mvua ikatishia saa nane, tukawaingiza wote ndani. Haikunyesha, tukawatoa. Saa kumi na moja kundi la mbele lilikuwa ndiyo kwanza linafika Ufiome, karibu na kinu. Kondoa kulikuwa mbali, jua linazama, magoti yananiuma, na hakuna aliyekuwa amerusha dadu hata mara moja. Watoto wakaitwa makwao. Mke wangu alitoka, akatazama ule umati wa udongo uani, akashusha pumzi, akachukua ungo wake na kuanza kunisaidia kuwabeba kuwaingiza ndani.

Nilimwomba radhi Aako. Nikamwambia leo hatukupigana, siku nzima tumebeba tu.

Mzee alikuwa tayari amesimama, anajikung'uta vumbi.

"Leo," alisema, "ndiyo imefanana."