Debe la Bi Kasa

Maji yalikuwa yamekupwa pale Mzee Kiboko wa Kilambo alipokwama kati ya mikoko miwili aliyokuwa akiipita tangu ujana wake. Alisukuma mbele, akarudi nyuma, wapi. Kaa wakatoka mashimoni kutazama, magando juu kama watu wa harusini. Ikabidi asubiri bahari ijae imwinue, na saa sita ni nyingi kwa mwenye heshima zake kukaa akitazamwa makalio.

Sababu ilijulikana. Majani hayakuwa na kosa: kilo 40 kwa usiku mmoja ni riziki ya kila kiboko, na hazikuwahi kumbana mahali. Kilichomponza ni msimu. Korosho zake zilikwenda ghalani, mnada ukatoa bei nzuri, na tangu stakabadhi ghalani ilipoingia Mtwara mwaka 2007 alishazoea fedha kuja kwa mkupuo na kuondoka vivyo hivyo. Basi asubuhi ming'oko ya kuchemsha, mchana wali wa nazi sahani tatu, jioni uraka, yale maji ya mabibo yaliyochachuka, ambayo yeye huyahesabu kuwa ni matunda.

Kulipokucha ushauri ulimiminika. Ngedere alisema ale mabibo matupu siku saba. Bata akamkataza maji baada ya magharibi, naye anaishi mtoni. Kunguru alikuja na unga wa kukata tumbo, pakiti haina hata herufi moja, bei gunia zima la korosho. Kiboko alilipa bila kuuliza. Siku nne unga ule ulimwendesha, na mto mzima ulijua. Alipungua kweli. Siku ya tano akanywa maji ya kutosha, mwili ukarudi ulikotoka.

Mbuzi wa Msimbati, mgonjwa wa sukari anayemeza dawa kila siku, ndiye aliyeponea chupuchupu. Alisikia habari za siku saba za Ngedere, naye akaona afadhali asile kabisa. Akameza dawa zake kama kawaida, akaanguka kisimani anatetemeka, jasho la baridi linamtoka. Waliomuwahi kwa maji ya sukari ndio waliomwokoa.

Habari hiyo ndiyo iliyomteremsha Kiboko hadi mdomoni mwa mto, kwa Bi Kasa, ambaye amezunguka bahari nyingi kabla ya kurudi kutaga Msimbati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenenepa."

"Ndilo lililonileta. Nile nini?"

"Debe moja la korosho, tuonane kila Ijumaa kwa miezi mitatu."

"Debe! Kwa maneno?"

"Kunguru ulimpa gunia."

"Kunguru alinipa kitu mkononi."

Hapo mimi namwelewa Kiboko. Fundi akituuzia spea tunalipa. Akisikiliza injini akatuambia ni nati moja tu imelegea, tunamwona mwizi.

"Tena, bibi, hayo unayouza nani hayajui? Punguza wali, zidisha mboga, tembea."

"Wewe unayajua?"

"Nayajua."

"Kwa hiyo mikoko ilikubana huku unajua."

Kiboko akakohoa. Akaomba apunguziwe. "Wa kupungua ni wewe," akajibiwa. "Debe likikuuma, nenda Ligula hospitali, binadamu wana maafisa lishe wao."

"Nikitokeza Ligula, bibi, si wataitwa Maliasili waje na bunduki?"

Akatoa debe. Alitegemea orodha ya marufuku, akakuta maswali. Unameza dawa yoyote? Presha ulipima lini? Nani anapakua chakula nyumbani, na sahani ina ukubwa gani? Huo uraka unanywa ukiwa na kiu, au ukiwa na wenzako? La mwisho lilimchukua muda mrefu kujibu. Ming'oko hakunyang'anywa. Wali ukawa sahani moja, mchicha na majani ya kunde vikajaza nafasi, na mdiria akapewa ukarani wa kuandika kila kinachoingia kinywani. Mzani haukuletwa, maana wa ghala la korosho ungekunjika.

"Tutapima kwa mikoko ile ile," alisema Bi Kasa. "Wala usinihesabie siku. Kitambi kimekuja kwa misimu, kitaondoka taratibu."

Ijumaa ya tatu mabega yalikuwa yanapita, tumbo bado. Mdiria akasimama kwenye mzizi, akasoma: ming'oko miwili, wali sahani moja, mchicha, maji, maji, maji. Ukurasa safi kama wa mtoto siku ya kwanza shuleni. Bi Kasa akajikokota mchangani hadi pua yake ikagusana na pua ya Kiboko, akavuta pumzi polepole.

"Na uraka huu ninaousikia hapa, nimwandikie nani?"

Kiboko akageuza macho ng'ambo, upande wa Msumbiji.

"Mwandikie Ngedere, bibi. Si yeye aliyesema nile mabibo?"