Utetezi wa Kinywa cha Mbwa

Asumini imesifiwa, udi umesifiwa, hata karafuu za Pemba zilizoanikwa barabarani zimepata wa kuzisifu. Harufu ya kinywa cha mbwa haijapata mtu. Haina malenga wala mshenga, na mwenye mbwa mwenyewe huigeuzia shavu. Hiyo ni dhuluma, na leo nimejitolea kuwa wakili wake.

Kwanza, ina adabu. Mbwa bado yuko mlangoni, yenyewe imeshaingia na kupiga hodi. Kwetu mwambao, huo ni wema mkubwa: mfuasi wa Imamu Shafii akiguswa na mate ya mbwa imempasa aoshe mara saba, moja kwa udongo. Harufu humwahi, akakusanya kanzu na kujisogeza kando. Wageni wangapi wa kibinadamu hutoa taarifa mapema hivyo?

Pili, ina bidii. Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya yetu, na lolote kati ya hayo lafaa kuwa kiwanda. Jino likisafishwa leo, saa chache baadaye bakteria wameshalitandika ukoga laini. Mate ya mbwa yameelemea upande wa magadi kuliko yetu, ndiyo maana meno yake hayatoboki ovyo kama ya watoto wapenda pipi; lakini mate hayo hayo hugandisha ukoga, na kwa siku chache tu unakuwa gamba gumu la rangi ya ugoro. Chini ya fizi, mahali hewa haifiki, bakteria wengine hula mabaki na damu na kutoa gesi za salfa, mojawapo ile ya yai viza. Hawana Jumapili hawa.

Tena haijali cheo. Koko wa jalalani anayo, na kijibwa cha kubebwa mkononi, chenye kitanda chake na shampuu yake, mara nyingi kimemzidi. Meno ni yale yale 42, yamebanwa kwenye taya dogo kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, na chakula kikinasa humo hakishuki.

Lakini sifa yake kuu ni ukweli, na hapa nitakaa kidogo. Mbwa ni mficha maumivu. Jino linaoza, usaha unachuruzika, naye anakula ugali na dagaa wake huku mkia unacheza. Labda tu anatafunia upande mmoja. Nani atakwambia? Pumzi yake. Uvundo unaokua mwezi hadi mwezi ni wa fizi. Ukinukia utamu kama wa matunda yaliyoiva kupita kiasi, pengine ni kisukari kilichovuka mipaka. Ukikumbusha mkojo, figo zinalalamika. Ukizuka ghafla, na mbwa anajikwaruza mdomo kwa mguu, fungua utazame juu: kipande cha kijiti au mfupa kimekwama kati ya magego mawili. Vipimo vya daktari wa mifugo bado vitahitajika, ila aliyekutuma kwake hakukudai nauli. Na siku nyingine taarifa ni fupi: amekula mavi ya paka.

Ina marafiki pia. Yupo anayempa mbwa majani ya nanaa, harufu ikajifunika khanga na kuendelea na kazi. Yupo anayemtupia mfupa mkavu ati usafishe meno. Mfupa ule hulipasua lile gego kubwa la juu, wadudu wakapenya hadi kwenye mzizi, na jipu likatokeza chini ya jicho. Yupo pia anayemkwangua meno akiwa macho, yakang'aa kwa nje. Uchafu wenyewe uko chini ya fizi, na huko hufikiwa na daktari, mbwa akiwa kwenye nusukaputi.

Maadui wa kweli ni wachache, na ni watu wa kuchosha. Humzoesha mtoto wa mbwa kuguswa mdomo kabla hata meno ya utoto, yale 28, hayajaanza kung'oka akiwa na miezi minne hivi. Kila jioni huinua mdomo pembeni na kusugua magego kwa nje, maana kwa ndani ulimi husaidia. Hutumia dawa ya meno ya mbwa, si ya kwao, kwa kuwa mbwa hajui kutema, na baadhi ya dawa za watu zina zailitoli, sukari bandia inayoweza kumshushia sukari ya damu hadi akafa. Hawangoji gamba ligande ndipo waanze kuhangaika na mswaki usioliweza tena. Kwa watu wa namna hiyo wakili kama mimi hana kesi: mbwa wao hunisogelea, hunihemea usoni, na sisikii chochote.