Jezi ya Mabilioni Huku Mwanda

Katika soko la mitumba la Voi hakuna nguo isiyo na nasaba. Kila koti limetoka Italia, kila jozi ya viatu ilivaliwa mara moja tu harusini, na kila jezi, ukimsikiliza mwuzaji vizuri, ilivuliwa uwanjani jasho likiwa bado halijakauka. Siwezi kusema mwuzaji ni mwongo. Yeye amefungua robota tu, na robota haliji na barua ya maelezo, kwa hiyo historia ya nguo anaitunga papo hapo kulingana na sura ya mteja.

Binamu yangu ana sura ya mteja.

Jezi aliyopanda nayo hadi kijijini kwetu Mwanda ilikuwa nyeupe, ina mistari myembamba ya buluu iliyokoza kutoka mabegani hadi chini, na vifungo mbele kama shati. Kifuani, herufi N na Y zimekumbatiana. Mgongoni imeandikwa JETER, na chini yake namba 2. Shangazi, mama yake, aliiangalia ile mistari na vile vifungo, akamwuliza kwa upole kama wagonjwa wenzake wanajua ametoka wodini.

"Mama, hii ni jezi ya besiboli," binamu akasema. "Ya Yankees wa New York. Na huyu Jeter, mchezaji wao, aliivaa mwenyewe. Mwuzaji kaniambia ni orijino, kamera kabisa, daraja la kwanza."

Alikuwa na sababu ya kutumaini. Mwezi wa Agosti 2024, jezi ya Babe Ruth, mchezaji wa Yankees wa enzi za zamani, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 24.12, yaani zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya. Ruth aliivaa mwaka 1932 huko Chicago, katika mchezo ambao inasimuliwa kwamba alinyoosha kidole kuonyesha atakakoupeleka mpira, kisha akaupeleka huko huko. Jezi hiyo hiyo iliwahi kuuzwa mwaka 2005 kwa dola 940,000. Baadaye wataalamu wakaiweka kando ya picha za siku ile, wakalinganisha mshono kwa mshono na mkunjo kwa mkunjo, wakaridhika. Binamu yangu aliipata ya kwake kwa shilingi 300. Alipojaribu kukokotoa faida, kioo cha simu kikaishiwa nafasi ya sufuri.

Ukoo ukahitaji mtaalamu, nikateuliwa mimi, kwa kuwa miwani yangu ndiyo minene kuliko ya wengine.

Nikaanza na mishono. Jezi ya bei nafuu ya dukani namba zake hubandikwa kwa joto, na zikifuliwa mara kadhaa huanza kuinuka pembeni. Ya uwanjani namba hukatwa kwenye kitambaa kigumu, zikashonwa ukingo mzima. Nikapitisha ukucha kwenye ile 2: imeshonwa. Watu wakapiga makofi. Ikabidi niwaambie kwamba maduka ya huko Marekani huuza pia jezi za daraja la juu zilizoshonwa vivyo hivyo, kwa shabiki mwenye pesa. Mshono utakuambia fundi alilipwa vizuri. Hautakuambia ni nani aliyetoka jasho ndani.

Nikaja kwenye lebo. Kuanzia 2005 hadi 2019, jezi za timu zote za Ligi Kuu ya Besiboli zilitengenezwa na Majestic; tangu 2020 zina alama ya Nike. Jeter alistaafu 2014. Kwa hiyo jezi yake ikiwa na alama ya Nike kifuani, labda aliivaa sebuleni akitazama wenzake kwenye televisheni. Hii ya binamu haikuwa na alama hiyo kifuani, na lebo ya shingoni ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Mtu mwingine angeingiwa na shaka. Binamu alisema hiyo ni kazi ya watu wa usalama.

Tukafika kwenye madoa, na hapo ndipo utaalamu wangu ulipotiwa majaribuni. Wajuzi wa jezi hizi hutafuta udongo mwekundu kifuani, kwa sababu sehemu ya uwanja wa besiboli ni ya mfinyanzi na wachezaji hujitupa chini kifudifudi. Hutafuta pia weusi wa kunata begani: wapigaji hupaka gongo lami ya msonobari ili lisiteleze mkononi, na wakisubiri zamu hulilaza gongo begani. Jezi ya binamu ilikuwa na yote mawili, udongo kifuani na weusi begani. Hata mimi nilivua miwani nikaifuta.

Lakini jezi ile ilikuwa imetandazwa chini Voi kwa siku zisizojulikana, na udongo wa Voi ndio huo huo unaowafanya ndovu wa Tsavo waonekane kama wamejengwa kwa matofali. Na juu ya bega, asubuhi ile ile binamu, akiwa ameivaa, alikuwa amebeba mikungu ya ndizi hadi barabarani kuwahi gari la Wundanyi. Utomvu wa ndizi ukishaingia kwenye kitambaa hautoki hata kwa maombi.

Ndiyo shida ya kuwa mtaalamu wa jezi huku milimani. Kila dalili wanayoisaka watu wa mnada, sisi tunayo bure. Jasho la kwapa? Panda na gunia kutoka stendi hadi nyumbani. Kitambaa kilichochanika na kushonwa tena? Tuna seng'enge kila shamba. Kola iliyolegea, mikono iliyofifia, kifungo kisichofanana na vingine? Mtaalamu akiletwa Mwanda kwa haki, atatoa cheti kwamba kijiji kizima kinachezea Yankees.

Shangazi hakungoja uamuzi wa kamati. Kesho yake alfajiri aliipeleka jezi kwenye karai, na brashi, na sabuni ya kipande, na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Binamu alipoamka aliikuta kambani inachuruzika maji, kifua cheupe pe.

"Mama! Umefua bilioni tatu!"

"Na hizo bilioni tatu zilikuwa zinanuka."

Hata hivyo, ukweli haukuwa kwenye madoa. Ulikuwa mgongoni muda wote, kwa herufi kubwa. Yankees walianza kuvaa namba mwaka 1929, wakizigawa kwa mpangilio wa wapigaji, ndiyo maana Ruth alikuwa 3. Majina hawakuongeza. Mpaka leo jezi zao za kawaida, za nyumbani na za ugenini, zina namba tupu mgongoni. Jeter alichezea timu hiyo kuanzia 1995 hadi 2014 na mgongoni mwake palikuwa na 2 peke yake. Duniani kuna watu wengi waliovaa jezi ya mistari iliyoandikwa JETER, na mmoja tu tunaweza kumwondoa kwenye orodha bila wasiwasi: Jeter.

Binamu alikaa kimya mpaka mpwa wetu wa kidato cha tatu akaingilia. Akasema jezi ya Maradona, ile ya bao la mkono dhidi ya Uingereza mwaka 1986, iliuzwa 2022 kwa pauni milioni 7.1. Na jezi hizo za buluu Argentina walizinunua dukani, hapo hapo Mexico City, siku chache kabla ya mechi, kwa sababu jezi walizokuja nazo zilikuwa nzito kwa jua la huko. Nembo na namba zikawekwa haraka haraka.

"Kwa hiyo kutoka dukani si kosa," binamu akasema, rangi ikianza kumrudia usoni. "Hii inakosa mechi tu."

Jumapili baada ya kanisa akasimama golini dhidi ya kijiji jirani, amevaa JETER. Ukungu ulishuka kutoka mlima Vuria kipindi cha pili, na ndio anaoulaumu mpaka sasa, ingawa mabao mengi yaliingia kipindi cha kwanza. Kila alipojirusha kifungo kimoja kilibaki nyasini. Vijana walipiga picha kwa simu tangu mwanzo hadi mwisho, na ushahidi ni safi kuliko wa Babe Ruth: ukihesabu vifungo vilivyobaki, unajua hilo ni bao la ngapi.

Jezi sasa imefungiwa kwenye sanduku la bati, mbali na shangazi. Ina udongo, ina jasho, ina picha. Bei inaanzia shilingi elfu tano, maelewano yapo, ila mnunuzi anaombwa asiulize matokeo.