Mahindi Hayalali Peke Yake

Mahindi yakishaanza kubeba, pita vijiji vya kando ya Mto Tana karibu na Garsen uulize fulani yuko wapi. Jibu ni moja: yuko kulinda. Fundi cherehani yuko kulinda, na suruali yako itasubiri. Ustadhi wa madrasa yuko kulinda, ameacha watoto wajisomee. Hata kuna mzee mmoja ambaye tangu nimfahamu hana jino la kutafunia hindi, naye yuko kulinda, tena ndiye mkali kuliko wote.

Kazi yenyewe hufanyiwa juu ya dungu. La mjomba wangu lilikuwa na miguu minne, na kila mguu ulikuwa na urefu wake. Huko juu kulikuwa na debe, kombeo, tochi, jamvi, na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Mchana adui ni ndege na nyani. Jua likienda kutua huja ngiri. Usiku ni zamu ya kiboko. Wanapokezana bila kuchelewana, na sijaona askari wa zamu wanaoheshimu saa namna ile.

Ndege ni rahisi: unaamia kwa kombeo na matusi. Tatizo ni kiboko. Mnyama huyu ana uzani wa zaidi ya tani moja, hutoka mtoni giza likiingia, na anachokula si kitu ukilinganisha na anachokikanyaga. Jioni niliyopanda dunguni mara ya kwanza, mjomba alinipa maelekezo. Yeye huniita mjomba nami humwita mjomba, ndivyo tulivyozoeana.

“Mjomba, ukimwona kiboko, piga debe.”

“Asipoondoka?”

“Piga zaidi.”

“Na asipoondoka tena?”

“Basi acha kupiga, asije akajua ulipo.”

Kumdhuru hairuhusiwi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mnyama wa porini ni mali ya nchi. Kwa hiyo kwenye shamba lile dogo serikali ilimlinda kiboko dhidi ya mjomba, mjomba akayalinda mahindi dhidi ya kiboko, na mimi nikamlinda mjomba asishuke na panga. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamruhusu mkulima kudai fidia, nayo si sheria mbaya hata kidogo. Mjomba alipata fomu, akaijaza kwa mwandiko mzuri, akaichomeka darini isije ikaliwa na mbuzi. Mbuzi hawakuigusa kweli. Ilitafunwa na mchwa, wakabakisha mahali pa sahihi.

Jirani yetu hakuwa na imani na madebe wala fomu. Yeye alizika fingo kwenye pembe ya shamba lake. Kwa wezi wa kibinadamu lilifanya kazi barabara. Hata mimi nilikuwa nikizunguka mbali, na sikuwa na nia yoyote na mahindi yake. Lakini asubuhi moja tulimwona nyani dume akilifukua. Alilinusa, akalitupa nyuma ya bega, akaendelea na hindi. Jirani alidai dawa ilimpata, kwa kuwa nyani yule hakuonekana tena siku ile. Mjomba alisema hakuonekana kwa sababu alikuwa ameshiba.

Hapa lazima niseme neno juu ya nyani. Upande wa juu wa mto kuna hifadhi iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na kima mwenye kishungi, viumbe wasiopatikana kwingine kokote duniani ila kando ya mto huu. Hao wana haki ya kujiona. Nyani wa shambani kwetu hana hadhi hiyo, amejaa sehemu nyingi za Afrika, lakini anatembea kama mtu mwenye barua ya serikali mfukoni. Akikuona umekaa dunguni hakimbii. Anakutazama kwanza ajue kama una kombeo au una simu.

Mjomba naye hujiona, kwa sababu nyingine. Wimbo wa taifa wa 1963 ulipata lahani yake kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Hilo ni kweli, na Mpokomo hakuachi ukalisahau. Mjomba amelifikisha mbali zaidi. Katika maneno ya wimbo ule imetajwa ngao, na mlinzi pia ametajwa. Ngao ni kijiji chetu jirani, kila mtu Garsen anakijua. Mlinzi, kwa hesabu za mjomba, ni yeye.

Basi usiku mmoja kiboko alikuwa amekwisha kuja akaondoka bila madhara makubwa, nasi tumejinyoosha jamvini. Redio ikapiga wimbo wa taifa. Mjomba akainuka, akavaa kofia, akasimama wima, mikono ubavuni. Nilimwambia, mjomba, dungu hili ni la kukaa. Hakunijibu, kwa kuwa wakati wa wimbo wa taifa hairuhusiwi kuongea. Mguu mfupi wa dungu ukaanza kuzama kwenye udongo laini wa mtoni, taratibu, kwa heshima. Mjomba akainama pamoja na dungu, bado wima kwa kadiri ya dungu lenyewe, mpaka debe likatangulia, tochi ikafuata, na sisi tukamalizia. Tuliangukia mahindi. Asubuhi tulipohesabu mabua yaliyovunjika, kiboko alikuwa na machache kuliko taifa.

Yaliyobaki tulivuna, mjomba akayaingiza ghalani na kununua kufuli. Si kufuli la mchezo. Lilikuwa zito, la shaba, na muuzaji aliapa kwamba hata kwa msumeno halikatiki. Ufunguo mjomba aliuvaa shingoni.

Kisha zikaja mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023. Kuna watu waliozoea kuulaumu mto, ila mto huu haufichi tabia yake. El Niño ya 1997 ilibomoa hata kingo za mradi mkubwa wa mpunga wa huku kwenye Delta ya Tana, zilizojengwa kwa mashine na wahandisi. Mafuriko yakikaribia, redio hutangaza wakazi wahamie sehemu zilizoinuka. Anayeandika tangazo hilo sidhani kama amewahi kufika Garsen. Sehemu iliyoinuka ni barabara ya lami, na baada ya lami ni mwembe. Tulikwenda barabarani na magodoro, na kuku wakiwa ndani ya chandarua, chandarua kilekile kilichokuwa kikizuia kuku hao wasile mchicha.

Maji yalipopungua hakukuwa na ghala. Zilibaki nguzo mbili. Baadaye tukapata habari kwamba mlango wa ghala umeokotwa kijiji cha chini yetu, umekwama kwenye migomba, kufuli likiwa limefunga vizuri, halina hata mkwaruzo. Mjomba alifurahi kupita kiasi.

“Nilikwambia, mjomba. Kufuli lile halifunguki.”

Aliyeuokota alituma kijana aje kuomba ufunguo, maana mlango bila ufunguo haumfai. Mjomba akamwambia alete mlango kwanza. Kijana akarudi na jibu: ufunguo kwanza. Mpaka leo mmoja anaulinda mlango na mwingine ufunguo, na wote wawili wameapa kwamba hawatoi.