Giulia wa Kakontwe

Kakontwe haielewani na rangi nyekundu. Mtaa huu wa Likasi umekalia tabaka la mawe ya chokaa, mengi kiasi kwamba wanajiolojia wameyapa jina la Kakontwe mawe ya tabaka hilo popote wanapoyakuta Katanga. Machimbo yetu yamelisha viwanda vya Gécamines miaka na miaka, kwani chokaa ndiyo hutuliza asidi inayotumika kutoa shaba. Vumbi linalobaki halina ajira. Hutua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye majani ya miembe na, tangu mjomba wangu amalize kazi yake, kwenye Alfa Romeo Giulia Sprint GT yake nyekundu.

Gari hilo, kwa masimulizi ya nyumbani, liliachwa na mjenzi wa Kiitaliano baada ya Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitapewa raia. Likalala bandani. Kuku walitagia kiti cha nyuma, wakaangua, vifaranga wakakua na wao wakatagia hapohapo. Kusema kweli hao ndio abiria pekee ambao kiti kile kimewahi kuwatosha.

Mjomba alipostaafu aliwafukuza kuku, akaanza. Alifungua parafujo moja moja, akaisugua, akaifunga kwenye karatasi yenye jina lake. Shangazi alipoteza sufuria mbili na taulo jipya katika kazi hiyo. Bati lilinyooshwa, likapigwa rangi, likapigwa msasa, likapigwa rangi tena kwa sababu lori la mawe lilipita kabla halijakauka.

Kazi kubwa ilikuwa kabureta. Ziko mbili, za Weber, kila moja na makoo mawili, na makoo yote manne lazima yavute hewa sawasawa. Mafundi wetu wamelelewa na Toyota zilizotumika Japani, zilizoshukia Dar es Salaam na kuingia kwetu kupitia Kasumbalesa zikiwa na usukani kulia. Walilitazama lile jambo wakaaga kwa heshima. Mwishowe akapatikana mzee mmoja aliyekata kipande cha mpira, ncha moja akaitia sikioni na nyingine akaielekeza kwenye koo la kabureta, akisikiliza mvumo kama daktari wa kifua. Kila mara alinyanyua mkono, na nyua tatu nzima zililazimika kunyamaza, pamoja na mama aliyekuwa akitwanga.

Basi gari likakamilika, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kwanza ni boneti. Giorgetto Giugiaro, kijana aliyekuwa akichora magari kwa Bertone, aliiacha ukingo wake wa mbele uinuke milimita chache juu ya pua ya gari. Ndivyo lilivyotoka mwaka 1963, na wapenzi wa Alfa Romeo huringia ngazi hiyo. Lakini jirani zangu ni watu wema. Kila apitaye huona boneti haijafungwa vizuri, naye huiegemea kwa viganja viwili ili amsaidie mwenyewe. Mjomba amejifunza kutoka chooni mbio.

Pili ni tangazo la kuliuza. Aliandika kwenye ubao: GARI LA ITALIA. MAELEZO NDANI. Asubuhi moja kijana alibisha hodi akiwa na begi mgongoni. Alitaka kujua nauli ni kiasi gani na wanapitia wapi.

Wateja wenyewe walikuja na swali moja, maana huku thamani ya gari hupimwa kwa mifuko ya makaa.

«Papa, hii inabeba mifuko ngapi ya makala?»

«Hata mmoja.»

«Basi iko ya nini?»

Mjomba huwajibu kwa habari za Nairobi. Huko kuna mashindano ya Concours d'Elegance yaliyoanzishwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, ambapo majaji hulala chini kukagua tumbo la gari kutafuta uchafu. Watu husikiliza kwa adabu, wakimwonea huruma. Kosa lake ni kuongeza habari za Safari Rally, kwa sababu kuna mzee wa mtaa aliyewahi kuwa na Peugeot 504, naye anakumbuka vizuri kwamba mwaka 1975 Mwitaliano mwenzake, Lancia Stratos ya Sandro Munari, ilimaliza ya pili, nyuma ya 504 ya Ove Andersson. Hukumbusha hivyo hata msibani. Mjomba hujibu kwamba Lancia ilishinda mwaka 1988. «Baada ya miaka kumi na mitatu ya kujifunza,» husema mzee.

Tajiri mmoja alikuja kutoka Kolwezi, mkononi ana bahasha iliyotuna. Aliomba kulijaribu. Gari lilinguruma vizuri mpaka dodani la kwanza, yaani tuta la barabarani, likapanda magurudumu ya mbele, likakaa. Bakuli la oili la Alfa hii liko chini sana, na mjomba alipiga kelele kabla ya chuma. Vijana walilinyanyua, wakashindwa kukubaliana waliweke upande gani. Yule tajiri alirudi Kolwezi kwa pikipiki.

Sasa ubao umebadilishwa: linakodishwa kwa harusi. Masharti ni marefu. Viatu vifutwe. Mchele usirushwe. Madirisha yasifunguliwe kwa ajili ya vumbi, na kiyoyozi hakuna. Kwenye harusi ya kwanza shela ilijaza kiti cha mbele chote, bwana harusi akapelekwa nyuma, kwenye kiti cha kuku, magoti yamegusa kidevu. Mjomba aliendesha mwendo wa jeneza akikwepa madodani yote ya Likasi. Walipofika kanisani bwana harusi alitolewa kwa kuvutwa mikono, suti imelowa mwili mzima, na upande wa mke ukaomba mazungumzo mafupi kuhusu afya yake.

Jumamosi kuna harusi nyingine. Mjomba ameshapokea malipo ya awali, ila amemwagiza bwana harusi aje siku moja kabla, apimwe.