Tanuri Ukutani, Moshi Machoni

Barua ya kwanza safari hii imetoka Nkome, Geita, na mwandishi wake amejiita Mama Mwenye Ukuta. Mwanawe anayeishi Marekani amemtumia mzigo kwa kontena, na ndani ya mzigo limo tanuri la maikrowevu lenye koili na feni ya kuokea, la aina ile ya kufungwa ukutani juu ya jiko. Limefika salama, hata plastiki yake haijabanduliwa. Kwa sasa limekaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, na hakuna mgeni anayeondoka bila kuonyeshwa. Mama anauliza mambo matatu: lifungwe wapi, ikiwa jikoni kwake kuna mafiga, jiko la mkaa na mtungi wa gesi wa kilo 6, kwa nini fundi umeme anasema umeme wetu "si wa aina yake", na je, ni kweli linameza moshi, kama kijana alivyoahidi kwenye simu?

Mama, shikamoo. Naanza na swali la mwisho, kwa sababu hilo ndilo linalohusu mapafu yako. Mengine yanahusu fahari na fundi. Tanuri hilo ni watumishi watatu walioajiriwa kwa mshahara mmoja. Wa kwanza ni maikrowevu yenyewe, mawimbi yanayotikisa maji yaliyomo ndani ya chakula mpaka kikapata moto. Wa pili ni koili na feni yake, wanaozungusha hewa ya moto ili kuku apate rangi na mkate upate ganda. Wa tatu ni feni ya tumboni, inayovuta mvuke na mafuta kutoka kwenye jiko lililo chini. Huyu wa tatu ndiye aliyelipandisha tanuri ukutani. Majiko ya Marekani yana upana wa kawaida wa inchi 30, yaani sentimita 76, na juu yake huwekwa kifuniko cha kuvuta mvuke. Watengenezaji wakaona heri kifuniko na maikrowevu vikae pamoja, meza ibaki wazi. Ni safari ndefu kwa chombo kilichozaliwa kutokana na rada: Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon aligundua upishi huu mwaka 1945, na tanuri la kwanza la biashara, miaka miwili baadaye, lilisimama kwa kimo cha mtu mzima na uzito wa kilo zaidi ya 300. Hilo hakuna ambaye angefikiria kulitundika. Sasa, kwako mambo yamepinduka. Kiporo cha kupasha ni kidogo, cha kuoka ni kidogo zaidi, lakini moshi upo asubuhi na jioni. Mtumishi unayemhitaji kuliko wote ni wa tatu, na hoja yangu ni kwamba huyo ndiye asiyeiweza kazi ya kwako, na ndiye unayeweza kumpata bila kuwalisha wenzake wawili.

Tazama inavyofanya kazi. Feni hiyo hufungwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiunganisha na bomba linalotoboa ukuta au paa na kumwaga hewa nje. Ya pili, ambayo mafundi wengi huipenda kwa kuwa haitaki kutoboa kitu, ni kuizungusha hewa humo humo: inapita kwenye wavu wa chuma unaonasa mafuta, kisha kwenye chujio la mkaa (ndiyo, Mama, mkaa, ila huu umepita kiwandani), halafu inapulizwa tena chumbani kupitia matundu ya juu. Chujio hilo hupunguza harufu ya samaki. Kaboni monoksidi haliigusi. Hiyo ndiyo hewa ya mkaa isiyo na rangi wala harufu, ile inayowamaliza watu waliolala na jiko chumbani wakati wa baridi. Kwa hiyo ukilifunga bila bomba, jikoni kutanukia vizuri na sumu itabaki pale pale, na ubaya wa harufu nzuri ni kwamba humfanya mtu afunge dirisha. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, kupitia nimonia ya watoto, kiharusi, moyo na mapafu. Hakuna sababu ya kuiachia feni iliyobuniwa kuvuta mvuke wa tambi kazi ya kuuondoa moshi huo.

Utaniambia: basi nitatoboa ukuta na kuweka bomba. Hapo umekaribia ukweli, lakini bado. Matanuri haya yametengenezwa kukaa juu ya jiko la gesi au la umeme. Yana kihisi cha joto kinachowasha feni chenyewe ili kuukinga mwili wa tanuri, na joto la mkaa uliokolea litaiwasha feni hiyo kutwa nzima, huku masizi na majivu yakiziba wavu na kupanda hadi kwenye nyaya. Tena kuna suala la kimo. Tanuri likifungwa inavyotakiwa, tumbo lake hukaa kama mita moja na robo kutoka sakafuni, kwa kuwa jiko la kule hufika kiunoni. Mafiga yako yapo chini. Moshi ukipanda mita nzima na zaidi bila kizuizi huwa umeshatawanyika na kuingia machoni pako kabla haujafika kwenye feni. Ukitaka bomba, Mama, lishushe liufuate moto ulipo: jiko lililojengwa kwa matofali likainuliwa, lenye dohani ya bati inayopita juu ya paa, na dirisha upande wa pili ili hewa mpya iingie. Fundi wa bati wa hapo hapo anaiweza kazi hiyo, na dohani haihitaji LUKU.

Pingamizi zito zaidi ni hili: "Mimi naacha kuni. Nahamia gesi, na jiko nitalisimamisha kama la mjini." Hongera, na serikali iko upande wako: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lakini fanya hesabu ya mwiko kabla hujamwita fundi. Kati ya jiko na tumbo la tanuri hubaki nafasi ya sentimita 35 hadi 45. Weka hapo sufuria la ugali wa watu kumi, lenye kina cha sentimita 25. Inabaki nusu shibiri, au ukibahatika, moja kasoro. Sasa ingiza mwiko. Ugali haukorogwi kwa vidole viwili kama chai: mpishi husimama juu ya sufuria, hushika mpini kwa mikono miwili, huusukuma unga ukutani mwa sufuria na kuugeuza, na mpini hupanda hadi kifuani kila anaporudisha. Kwa nafasi hiyo mpini utagonga kioo cha tanuri kabla unga haujashika. Wamarekani hawakukosea vipimo. Walipima kwa kikaango. Mpishi wa ugali anataka uwazi juu ya sufuria, na kitu chochote kinachoning'inia hapo ni adui yake, hata kama kina taa ya bluu.

Kuhusu ukuta wenyewe nitasema kwa ufupi. Tanuri lina kilo zinazokaribia 30, na hushikiliwa na bamba la chuma nyuma pamoja na boliti zinazoshuka kutoka kwenye kabati la juu. Kabati la juu huna. Na kama matofali yako yameunganishwa kwa udongo, bamba hilo litaondoka na ukuta wake.

Fundi wako wa umeme, kwa upande mwingine, mpe chai, kwa sababu amesema kweli. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 230. Ukilichomeka moja kwa moja litakufa kabla hujaliona likiwaka. Wajuzi wa kijiweni watakwambia ununue transfoma ya kushushia umeme. Itahitajika kubwa, ya wati 2,500 au 3,000, maana tanuri lenyewe hula wati zaidi ya 1,500. Nayo itakutatulia nusu tu ya tatizo. Umeme wa kule hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, wa kwetu 50, na transfoma hushusha volti, haiongezi mizunguko. Matanuri mengi ya aina hiyo yana transfoma yao ya ndani iliyosukwa kwa mizunguko 60. Kwa 50 hupata joto kupita kiasi, hunguruma, na kuchoka mapema. Yapo yanayohesabu saa kwa kufuata mizunguko hiyo hiyo, na hayo huchelewa dakika 10 katika kila saa. Ukiliwekea dakika sita litafanya kazi saba na ushee. Msilaumu umeme wa Geita. Saa hiyo bado inaishi Marekani.

Wapo watakaosema ninapinga maendeleo, na kwamba Nkome nayo ina haki ya maikrowevu. Ina haki kamili, na wala sijasema mionzi yake inaleta saratani, kama anavyohofia jirani yako. Mawimbi hayo hupasha maji moto, hayavunji chembe za urithi, na wavu uliopo kwenye mlango huyazuia kutoka. Hoja yangu ni ya hesabu. Kupasha sahani ya wali kwa dakika tano ni kama sehemu ya nane ya uniti, nafuu kuliko kuwasha mkaa. Lakini kuoka saa moja kila siku ni uniti zipatazo 45 kwa mwezi, na mteja mdogo wa TANESCO hupewa bei ya shilingi 100 kwa uniti asipovuka 75. Taa, simu, friji na redio zitagawana kilichobaki. Maharage, ambayo ndiyo hasa hula kuni zako, hayaivi vizuri kwenye maikrowevu. Sufuria la presha la umeme huyaivisha nusu kilo kwa nusu uniti au pungufu, linakaa mezani, halidai ukuta, na linauzwa likiwa la volti zetu. Kama mwanao anataka kukutoa kwenye moshi, hilo na dohani vitatosha, na itabaki nauli ya kuja kukusalimia.

Najua lililobaki ni aibu. Zawadi ya mtoto hairudishwi, na tanuri hilo limeshaonwa na nusu ya mwalo. Basi mwandikie ukweli: limefika, ni zuri, umeme haukubaliani nalo. Mtoto aliyekumbuka macho ya mama yake yanavyotoka machozi ataelewa. Alikosea chombo, hakukosea tatizo.

Barua ya pili ni ya Mchuuzi wa Dagaa, naye wa Nkome, aliyesikia habari za tanuri hilo na kuuliza kama feni yake ya moto inaweza kukausha dagaa wakati wa masika, mvua inapomwozeshea mzigo. Ndugu yangu, shida yako ni ya kweli, ila tanuri ni la kuku mmoja. Kukausha kilo kumi za dagaa wabichi ni kutoa maji kama kilo saba, na kila kilo ya maji hudai zaidi ya nusu uniti kugeuka mvuke, hata mashine isipopoteza chochote. Ni uniti nne na nusu kwa hesabu ya malaika. Kwa hesabu ya tanuri la nyumbani, zidisha. Jua ni la bure, na tofauti kati ya dagaa waliooza na waliokauka mara nyingi ni chanja: wainue kutoka mchangani, upepo upite juu na chini, na uwe na turubai la kuwafunika wingu likitokea. Hata hivyo nimefurahi kwamba umeona feni ndiyo sehemu ya maana. Wengi huishia kuangalia mlango.

Ya mwisho ni ya kijana wa Katoro anayetaka kununua tanuri kama hilo, bovu, kwa bei ya kutupa, alifungue na kulitengeneza mwenyewe kwa sababu ameshazoea redio. Mwanangu, redio haikuui. Ndani ya maikrowevu kuna kapasita inayofanya kazi kwa maelfu ya volti, na hubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Kama hujalipa, usilipe. Kama umeshalipa, usilifungue mgongo. Lifungue mlango tu, uliweke nyumbani lihifadhi sukari na mkate, maana sisimizi hupata taabu kupenya na panya hawezi kabisa.