Mama Anabadilishia Ndege Wapi?

Katika makundi ya WhatsApp ya wenye Kiswahili wa Columbus, Ohio, swali linalozua ubishi kuliko siasa za nyumbani ni hili: saa mbili pale Dulles, uwanja wa ndege wa Washington, zinamtosha mama? Mtu kaona tiketi ya kumleta mzazi kutoka Dar es Salaam kupitia Addis Ababa na Washington. Bei imeteremka, na sababu ya kuteremka ipo palepale kwenye skrini: ndege ndogo ya kwenda Columbus inaondoka saa mbili tu baada ya ile kubwa kutua. Chai haijapoa, wajuzi wameshajaa. Mmoja anaapa kwamba alishapita kwa dakika hamsini. Huyo ni kijana, alikuwa na kibegi cha mgongoni na raba miguuni. Mwingine anasema hata saa tano ni kucheza kamari.

Kule Mbagala, Dar es Salaam, mama mwenyewe haelewi kelele ni za nini. Kwake saa mbili ni muda wa kupika pilau, kula na kuosha vyombo.

“Lakini kompyuta imekubali,” anasema mwenye kutafuta tiketi, na hapo ndipo wengi wanaponasa. Kila uwanja una muda wa chini wa kubadili ndege, na tiketi moja haiuzwi chini ya hapo. Vienna hujivunia dakika 25, Frankfurt dakika 45. Kiwango hicho kinapimwa kwa msafiri anayejua aendako. Hakimhesabu mama anayesimama kumsalimia kila mwenye kilemba, wala geti linalofungwa dakika kumi na tano au ishirini kabla ndege haijaondoka. Saa mbili za kwenye tiketi, ukishatoa hizo na nyingine za kusubiri walio mbele washushe mabegi yao, zimebaki kama saa moja na nusu. Na bado hajakutana na Marekani.

Addis haina neno sana. Mzigo unahamishwa wenyewe, mama anapita ukaguzi na kufuata watu. Hata saa Waethiopia wanazihesabu kama sisi, kuanzia jua linapochomoza na linapozama: ubao wa uwanjani ukiandika 22:15, mfagiaji akiulizwa atasema ni saa nne na robo, na mama atamwelewa hata kwa vidole. Shida ya Addis ni mwinuko. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa watu na mafuta ya kuvuka Atlantiki haiinuki kirahisi. Ndiyo maana safari nyingi za kwenda Marekani husimama njiani kuongeza mafuta, na kila kituo ni nafasi nyingine ya kuchelewa.

Kisha Dulles. Marekani haina kile chumba cha wapita njia ambacho viwanja vingine vinacho. Ukitua mara ya kwanza katika ardhi yao, hata kama unakwenda mji mwingine, hata kama unakwenda nchi nyingine, unapita uhamiaji, unachukua mabegi yako kwenye mkanda, unapita forodha, unayakabidhi tena, halafu unarudi kwenye ukaguzi wa usalama kama mtu aliyetoka nyumbani asubuhi hiyo. Na Dulles ina kichekesho chake: vile vyumba vikubwa vyenye magurudumu vinavyobeba abiria kiwanjani, vilivyobuniwa pamoja na uwanja wenyewe na msanifu Eero Saarinen na kuanza kazi mwaka 1962. Vingine bado viko kazini. Havina haraka.

Foleni ya uhamiaji inaweza kuwa dakika ishirini au saa moja na nusu, kutegemea ndege ngapi zimetua pamoja. Ofisa anauliza, “Umekuja kumwona nani?” Mama anaanzia kwa babu.

Baada ya hapo kuna mabegi, na hapa wajuzi wa WhatsApp husahau kwamba muda wa kubadili ndege huanza kuliwa jikoni Mbagala. Dagaa wakavu kwa kawaida hupita. Sambusa za nyama hazipiti, na asiyezitaja kwenye forodha anajitafutia faini ya mamia ya dola. Hata kama kila kitu ni halali, begi lililofungwa kwa kamba tatu na kunukia viungo litafunguliwa, na kulifunga tena kunahitaji watu wawili na goti.

Wenye uzoefu humwombea mama kiti cha magurudumu. Mwanamke anayejitwisha ndoo mbili za maji kila alfajiri anasukumwa kama malkia, kwa sababu msukumaji anajua njia na maofisa wanamjua yeye. Mbinu nzuri, ila ina bei yake: wenye viti hushuka ndegeni mwisho kabisa, na kiti chenyewe husubiriwa. Kwa muda wa saa mbili, kiti kinaweza kumchelewesha kuliko miguu yake.

Jambo ambalo lingestahili ubishi kuliko yote halibishaniwi: je, ni tiketi moja au mbili? Akiachwa na ndege kwenye tiketi moja, shirika ndilo litakalomtafutia nyingine. Kijana mjanja aliyenunua Dar hadi Washington huku na Washington hadi Columbus kule ili aokoe dola themanini, atanunua kiti kipya usiku huo kwa bei ya usiku huo. Kwa shirika la Umoja wa Ulaya, kupitia Amsterdam kwa mfano, sheria namba 261 ya mwaka 2004 inaweza kumpa mama hadi yuro 600 akifika mwisho wa safari kwa kuchelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika. Marekani haina sheria ya namna hiyo, utapewa pole.

Kwa mama wa miaka sitini na mabegi mawili, basi, saa nne Dulles, na asiyekubali aende kumpokea mwenyewe Washington kwa gari, saa sita na ushee kila upande. Saa nne zina faida nyingine. Manukato aliyonunua Addis kwenye duka lisilo na ushuru, chupa kubwa kuliko mililita 100, yanaweza kuchukuliwa kwenye ukaguzi wa pili. Lakini pale kwenye mkanda mabegi yamo mikononi mwake. Ana nafasi ya kufungua moja, kuitumbukiza chupa katikati ya khanga na kufunga. Kamba zote tatu.